Jumamosi ya Filamu Maktabani

Saa moja na nusu asubuhi nafungua geti, nafagia, narudisha rafuni vitabu vilivyoachwa mezani jana yake. Ni Julai, Iringa baridi, koti halinitoki mwilini. Sehemu hii ya kazi kila mtu anaijua: dada wa vitabu, anayepiga mihuri na kunyamazisha watoto. Jumamosi ya filamu za historia ndiyo hawaijui, na ndiyo inayonitoa jasho.

Saa tatu mpaka saa sita ni kadi mpya, magazeti, na wanafunzi wa kidato cha nne wanaogombania meza ya dirishani.

Saa sita nahamishia viti chumba cha watoto, maana ndicho pekee chenye mapazia mazito. Projekta ni ya kuazima, na muda huu ilitakiwa iwe imeshafika. Napiga simu, naambiwa iko njiani. Napiga tena, haipokelewi. Wazee wameanza kuingia, wengine wametoka Kalenga kwa daladala, nauli yao wenyewe. Mtu wa namna hiyo simwambii arudi nyumbani. Saa nane kasoro dakika tano bodaboda anaingia na begi mgongoni, naunga nyaya huku naitikia shikamoo za watoto na kuwaamkia wazee.

Saa nane. Filamu ya leo ni ya Vita vya Majimaji, watu wa kusini walipoinuka dhidi ya utawala wa Wajerumani. Inaanzia Umatumbini, Julai 1905, kwenye mashamba ya pamba ambako watu walilimishwa kwa nguvu. Inafika Ngarambe kwa mganga Kinjikitile Ngwale na maji yake, yaliyoaminiwa kuzuia risasi, hadi anaponyongwa Agosti mwaka huohuo. Wapiganaji ndio kwanza wanalikabili boma la Mahenge, bombomu, yaani bunduki za rashasha, za Wajerumani zimeelekezwa kwao, umeme ukakatika.

Giza totoro, watoto wakapiga kelele. Nikasimama mbele nikaendelea kusimulia mwenyewe: jinsi Wajerumani walivyochoma vijiji na maghala ya chakula ili njaa imalize kazi iliyoanzwa na risasi, na kwamba makadirio mengine ya waliokufa yanafika 300,000, wengi wao kwa njaa. Nimesoma usiku mwingi kwa ajili ya dakika kama zile. Umeme uliporudi hakuna aliyekuwa ametoka.

Filamu iliisha kama saa kumi hivi. Ilikuwa imetaja, kwa sentensi moja tu, kwamba Wahehe, watu wa hapa Iringa, hawakujiunga. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akasimama kabla sijawasha taa.

"Kamwene, mwanangu. Nani kawaambia hawa kwamba babu zetu walikuwa waoga?"

Nikamwambia filamu haikusema hivyo. Hakukubali. Maiki akaishika kwa mikono miwili. Akataka kujua nani ametengeneza filamu, nani amelipa, kwa nini hawakuja kuwauliza wazee. Kila niliponyosha mkono kuomba maiki, aliisogeza kifuani. Kijana mwenye asili ya Songea akanyanyuka: "Shikamoo babu. Lakini kwetu walinyongwa watu 67, tarehe 27 Februari 1906. Ninyi mlikuwa wapi?"

Chumba kikachemka. Wengine wakapiga makofi, wengine wakamwambia kijana akae.

Nikaenda ubaoni nikaandika miaka. 1891, Lugalo, Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alipolipiga jeshi la kamanda Mjerumani Zelewski na Zelewski mwenyewe akafa. 1894, Kalenga, ngome ya Mkwawa, ikaangushwa kwa mizinga. 1898, Mkwawa akajipiga risasi kuliko kukamatwa. Halafu 1905. Nikawaomba watazame ubao: miaka saba ya vita, kisha miaka saba ya makovu, ndipo Majimaji. Na nikasema hata lile lisilopendeza, kwamba wapo Wahehe waliopigana upande wa Mjerumani wakati wa Majimaji. Maktaba ikilificha hilo, imekuwa ya nini?

Mzee hakuridhika. Akataka malalamiko yake yaandikwe. Nikafungua daftari la mijadala, nikaandika, nikamsomea kwa sauti. Akanisimamisha: "Futa 'hawakupigana'. Andika 'walikuwa wameshapigana'." Nikafuta, nikaandika. Akavaa miwani, akapitisha kidole chini ya kila mstari, akaweka sahihi. Kijana wa Songea naye akaomba kuandika chini yake, nikampa kalamu. Yote hayo yalichukua karibu saa nzima, miguu inaniwaka, na bado viti vilikuwa vinanisubiri.

Hapo ndipo kazi yangu ilipo. Shuleni swali la Majimaji lina alama zake na majibu yake. Hapa mjukuu wa walionyongwa na mjukuu wa waliobaki wanakaa chumba kimoja na mtu anawaandikia.

Jua lilikuwa limeshazama nilipofunga rejista. Mzee alikuwa bado kwenye benchi la nje, anataka kadi ya maktaba. Nikafungua tena droo nikamtengenezea. Akaniuliza filamu ijayo. Nikamwambia ni ya fuvu la Mkwawa, lile lililochukuliwa Ujerumani na kurudishwa na gavana Mwingereza Twining Juni 1954. Akasema siku ile alikuwepo Kalenga, mdogo, mabegani mwa baba yake.

Nimemwandika msemaji wa kwanza, na Jumatatu naomba maiki ya pili.