Ujumbe niliochelewa kuufuta

Jana usiku nilimwandikia mwandishi wangu kipenzi: "Juzuu ya nne lini? Umetuchosha kusubiri!" Nikabandika na kikatuni cha kucheka.

Leo asubuhi familia yake imetangaza kwamba anaumwa. Ugonjwa mzito, wa kumbukumbu.

Nikakimbilia kuufuta ule ujumbe.

Ulikuwa umeshasomwa.

Mashabiki wamefurika kwenye ukurasa wake. Wanaomwombea, wanaolia, na wanaompendekezea mitishamba (hao jamani wapumzike kidogo). Katikati ya wote, mmoja kamtaja mhusika mdogo kabisa, yule mlinzi wa lango anayesahau funguo kila siku. Akaongeza: "Ndiye aliyenifundisha kucheka na baba siku aliposahau jina langu."

Hapo machozi yakanitoka. Yule mlinzi mimi nilikuwa namruka!

Nimemkumbuka Terry Pratchett, mwandishi wa riwaya wa Uingereza. Alitangaza mwaka 2007 kwamba ana Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Mwaka uliofuata akatoa dola milioni 1 kwa ajili ya utafiti, na wasomaji wake wakaanza kuchanga ili nao wafikishe kiasi hicho hicho. Kuchapa kulipomshinda, aliendelea kuandika kwa kusema maneno, kompyuta ikayanakili.

Sasa nataka kumwandikia tena wangu, bila kuuliza habari za juzuu. Nimeandika "Shikamoo," basi, nimekwama hapo tangu mchana.

Nyie mngemwambia nini?