Siku moja na kipima mionzi kwenye mtambo wa gesi, Mtwara

Saa 12 asubuhi. Kabla ya chai nakagua kipima mionzi: betri, na cheti cha usahihi kisiwe kimepitwa na tarehe. Kisha nasimama getini, mbali na mabomba, nisome mionzi ya kawaida ya mahali. Leo ni maikrosiveti (kipimo cha mionzi inayompata mtu) 0.09 kwa saa. Chuma kinachofika mara mbili ya hapo tunakipaka rangi ya alama.

Saa 2. Naizunguka separeta, tangi linalotenganisha gesi na maji, kwa nje: chini maji yanapotuama, viwiko, vali ya kutolea maji. Urani na thori, elementi zenye mionzi za asili, hubaki mwambani, ila radiamu inayotokana nazo huyeyuka na kupanda na maji ya kisima. Presha na joto vikishuka, bariamu na salfeti hushikana kuwa ukoko, radiamu ikinaswa humo. Kiwiko kinasoma 0.31, vali 0.28.

Saa 3. Gesi inatolewa, presha sifuri. Hapa wengi hukosea: wanafungua na kupima papo hapo. Gesi hubeba radoni, gesi yenye mionzi itokanayo na radiamu, na vizalia vyake hung'ang'ania ukutani vikitoa mionzi, lakini huisha haraka. Tunasubiri saa nne kamili.

Saa 7 mchana. Kiwiko kimeshuka hadi 0.10, ilikuwa radoni tu. Vali imebaki 0.27. Huo ni ukoko, na radiamu-226 huchukua miaka 1,600 kupungua nusu.

Saa 7 na nusu. Turubai la plastiki chini, glavu, barakoa ya vumbi laini, ndipo boliti zilegezwe. Ndani kuna tabaka la rangi ya chai ya maziwa, unene wa milimita 3, limeshika kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Linyunyizie maji kwanza. Usilete grinda wala brashi ya waya: mionzi ya alfa inayotoka kwenye ukoko haipenyi ngozi, ila vumbi lake likiingia mapafuni ndiyo hatari yenyewe. Maji hayohayo huficha alfa, kwa hiyo kipande cha kupimwa kikaushwe pembeni. Bomba la gesi linaloonekana safi nalo lipimwe ndani, maana utando mwembamba wa risasi-210, aina ya metali ya risasi yenye mionzi inayoachwa na radoni, hauonekani kwa kipimo cha nje.

Saa 9. Ukoko kwenye mifuko miwili, lebo, uzito. Sampuli inakwenda maabara. Bekereli 1 (atomu moja kuvunjika kwa sekunde) kwa gramu ndicho kiwango tunachokitazama. Vali inazibwa ncha zote na kufungiwa stoo. Haiendi kwa wanunuzi wa vyuma chakavu hata wakija na bei nzuri: bomba la namna hii likiishia kuwa jiko la mkaa au nguzo ya uzio, watoto ndio watakaolishika kila siku.

Saa 10 na nusu. Viganja, soli za buti, spana, vyote vinapimwa. Ndipo tunanawa na kula.