Siku Moja Maishani Mwangu: Kuandika Wasifu wa Profesa wa Uhasibu, Nakuru

Saa 1 asubuhi. Leo ni Jumatano, mazishi ni Jumamosi, na kijitabu cha mazishi chenye wasifu lazima kiingie mashineni jioni. Marehemu alikuwa profesa mstaafu wa uhasibu, mume, baba na babu. Watakaokaa chini ya hema wengi ni ndugu zake au wanafunzi wake wa zamani, na mtu kama huyu anastahili wasifu uliothibitishwa kama alivyowafundisha wao: hakuna tarehe isiyo na hati.

Kazi ya kwanza ni jina. Tunaweka mezani kitambulisho, kibali cha mazishi, cheti cha ndoa na vyeti vya masomo, kisha tunalinganisha herufi kwa herufi. Wasomi wa rika lake mara nyingi wana jina la ubatizo kwenye vyeti vya shule na jina la ukoo peke yake kwenye machapisho. Jaladani liende jina la kitambulisho. Lile alilojulikana nalo chuoni linafuata chini yake kwa herufi ndogo.

Saa 3. Masomo na kazi. Hapa tunakaa muda mrefu kuliko popote, kwa sababu ndipo wasifu nyingi za wahadhiri wazee huharibika. Ndugu hutaja chuo kwa jina la leo. Aliyehitimu Nairobi 1968 hakutoka Chuo Kikuu cha Nairobi, maana jina hilo lilianza 1970. Kabla yake palikuwa na koleji ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Dar es Salaam. Egerton, hapo Njoro, ilianza 1939 kama shule ya kilimo na ikawa chuo kikuu 1987. Maseno ilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi mpaka ilipojitegemea 2001. Tunaandika jina la wakati ule, kisha la sasa baada ya koma.

Uanachama wa taaluma una mtego wake. Taasisi ya wahasibu, ICPAK, ilizaliwa na Sheria ya Wahasibu ya 1977. Familia ikisema "mwanachama tangu 1972", huo mara nyingi ni mwaka wa mtihani. Bodi ya mitihani, KASNEB, ilikuwapo tangu 1969. Tunaomba cheti chenyewe. Kisipopatikana, mwaka unaachwa na uanachama unabaki.

Halafu kuna alichokifundisha. "Alibobea katika uhasibu" haimwambii chochote mama wa sokoni aliyekuja kumzika jirani. Tunaandika sentensi mbili zinazosomeka kwa sauti: kwamba alifundisha vijana kuandika kila shilingi mara mbili, pale ilipotoka na pale ilipoingia, utaratibu ambao Mwitaliano Luca Pacioli aliuchapisha Venice mwaka 1494, na kwamba pande hizo mbili zisipolingana, kazi haijaisha. Tunaongeza mabadiliko aliyoyapitia akiwa darasani: kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ilichukua nafasi ya kodi ya mauzo 1990, na Kenya ikahamia viwango vya kimataifa vya uhasibu 1999. Kila badiliko lilimaanisha kuandika upya somo zima. Huo ni utumishi, na mara nyingi wasifu huuruka ili kutaja mikutano ya nje ya nchi.

Saa 6. Simu kwa mjane na watoto. Swali "Mzee alikuwa mtu wa namna gani?" huzaa "mpole, mcha Mungu, mchapakazi" kwa kila marehemu. Tunauliza hivi: "Mama, pole sana kwa msiba. Baada ya kustaafu, saa kumi na moja jioni Profesa alikuwa wapi?" Au: "Nani alimpigia kwanza akiwa na shida ya karo?" Majibu ya maswali haya yana watu ndani yake, yana kiti, daftari la matumizi ya nyumba, mjukuu na hesabu zake za shule. Maneno 700 yanatosha. Msomaji mwenye majonzi hutumia kama dakika saba.

Saa 8. Orodha ya familia, sehemu nzito kuliko zote. Kosa la kuacha kitu halionekani kwenye urari, ile orodha ya mhasibu ya kupima kama pande mbili zinalingana: pande zinalingana na bado muamala mzima haupo. Jina la mtoto likiachwa, ukurasa nao huonekana umekamilika. Kwa hiyo tunaomba orodha kutoka kwa watu wawili wa matawi tofauti ya ukoo, wasioonyeshana orodha zao, halafu tunalinganisha. Waliotangulia wanaandikwa "marehemu" kabla ya jina. Wakwe na wajukuu wanahesabiwa kwa kila nyumba. Ubishi ukizuka kuhusu nani ni mke au mtoto, hatuamui sisi. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi anatia sahihi kwenye nakala ya mwisho. Vijitabu vya mazishi vimewahi kufikishwa mahakamani kwenye kesi za urithi.

Saa 9. Picha. Zilizotumwa kwa WhatsApp kama picha zimeshabanwa, tunaomba zitumwe kama dokumenti. Picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45 inaskaniwa kwa nukta 1,200 kwa inchi; ikikuzwa hadi upana wote wa ukurasa wa A5 inabaki na karibu 280. Kwa nukta 300 ingekuwa ukungu. Picha iliyogandia kwenye albamu haing'olewi, inapigwa pale pale karibu na dirisha, taa ya simu ikiwa imezimwa.

Saa 11 jioni. Kurasa 16 za A5 ni karatasi nne za A4. Nakala 300 zinakula karatasi 1,200, tunaweka rimu tatu ili 300 zilizozidi zibebe makosa. Kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi lazima zijumlishwe 17: 16 na 1, 2 na 15. Mashine igeuze kwa upande mfupi, la sivyo nyuma inatoka kichwa chini. Nakala moja inachapwa, inakunjwa na kusomwa na mwanafamilia kabla ya nyingine 299. Msimu wa mvua rimu hufunguliwa wakati wa kuchapa tu, kwa sababu karatasi yenye unyevu hujikunja na kukwama.

Saa 2 usiku. Pini mbili kila kijitabu, maboksi ya hamsini hamsini. Vyeti na picha zinarudishwa kwa orodha ile ile zilizopokelewa nayo, moja moja, na mtoto mkubwa anatia sahihi.