Mkono wa pwani kwenye maji ya Sagana

Nimezaliwa Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini, na mshipi niliushika kabla sijashika kalamu. Kwa hiyo nilipohamishiwa kufundisha Nyeri, na mwalimu mwenzangu akaniambia kwamba mtoni Sagana watu huvua kwa nzi wa bandia, nilicheka. Uvuvi ni uvuvi, nikamwambia, nipe wiki moja tu. Ilinichukua miezi minne kumtoa samaki wa kwanza, naye alikuwa urefu wa kiganja.

Kwetu mambo ni mepesi. Mshipi uko mkononi, chubwi la risasi liko mwishoni, kwenye ndoana kuna kipande cha ngisi. Unazungusha, unaachia, chubwi linauvuta mshipi wote mpaka chini, halafu kidole kinasikiliza. Huku nikapewa fimbo ya futi 9, nyepesi kama ufagio wa chelewa, na mwisho wa uzi kuna kidudu kilichofungwa kwa manyoya na nyuzi juu ya ndoana ndogo kama punje ya mpunga. Hakina uzito wowote. Ukikitupa kinaanguka miguuni pako. Jumamosi yangu ya kwanza nilishinda nikikitupa, na nilishinda nikikiokota miguuni.

Kulikuwa na mzee ambaye ujanani aliwabebea mizigo wavuvi wageni kwenye mito ya Aberdare na Mlima Kenya. Kijiji kizima kilimwita Guka, yaani babu, nami nikamwita hivyo. Alinitazama kwa muda, akauliza, "Mwalimu, unamrushia nani jiwe?"

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakuna aliyeniambia. Uzito uko kwenye mshipi wenyewe. Ule mshipi wa rangi ya ndimu, mnene kuliko wetu wa baharini, ndio unaorushwa, na nzi anafuata tu nyuma kama mkia wa tiara. Kati yao kuna uzi usioonekana majini, unaokwenda ukikonda mpaka kwenye ndoana. Unaurudisha mshipi nyuma yako hewani, unangoja ujikunjue wote, ukishanyooka ndipo unaipinda fimbo na kuupeleka mbele. Ukiharakisha, unasikia mlio kama wa kiboko kikichapa, na ukitazama, nzi hayupo. Amekatika.

"Saa nne mpaka saa nane," Guka akasema. Nikadhani ananipangia saa za kuvua, nikamjibu kwamba Jumamosi nina masomo ya ziada mpaka saa sita. Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe alikuwa anazungumzia uso wa saa: fimbo ikienda mbele ikome pale mkono wa saa unapoonyesha saa nne asubuhi, ikirudi nyuma ikome pa saa nane mchana. Mimi nilikuwa naiachia mpaka karibu saa tisa na nusu, mshipi unalala kwenye nyasi, unanasa. Kuna mti mmoja ukingoni ambao bado una nzi wangu sita.

Nikaenda kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mpira, bila ndoana, mwisho wa uzi nimefunga kipande cha sufu nyekundu. Kila jioni nusu saa. Wanafunzi wakaenezeana kwamba mwalimu wa hesabu anauchapa upepo viboko. Ila naapa, bila uwanja ule nisingefika popote. Mtoni macho yanataka samaki na mkono unasahau kungoja. Uwanjani hakuna samaki, basi mkono unasoma.

Vifaa sitavizungumzia sana. Fimbo ilikuwa ya kuazima, mshipi wa namba 5. Leseni ya uvuvi nililipia kabla ya yote. Nzi nilinunua hapa hapa nchini, maana Kenya kuna mafundi wanaowafunga na kuwauza mpaka Ulaya na Marekani, ingawa wengi wetu hatujui. Guka alinichagulia mmoja mweusi anayeitwa Kenya Bug. Nilipomuuliza kwa nini huyo, aliinua jiwe kutoka majini akaligeuza. Upande wa chini vidudu vyeusi vilikuwa vinatambaa. "Ndiyo chakula chao," akasema. "Wewe ulitaka kuwapa pilau?"

Samaki wenyewe ni trauti, na hawakuwa wa mito hii. Mwaka 1905 mlowezi Mwingereza, Ewart Grogan, alileta trauti wa Loch Leven, Uskoti, wakatiwa Mto Gura kule Aberdare. Aina nyingine, trauti wa upinde wa mvua, walifuata baadaye, na Kiganjo, hapo jirani, kuna kituo cha serikali cha kuwazalisha. Wanapenda maji baridi yanayokimbia, na hukaa wameelekeza kichwa mkondo unakotoka, wakingoja kinacholetwa. Kwa hiyo unawaendea kutoka chini, nyuma yao, polepole, maana kishindo cha mguu ukingoni wanakisikia. Mvua kubwa zikianza na mto ukawa rangi ya chai ya maziwa, baki nyumbani usahihishe madaftari.

Nilipojua kurusha, nikagundua kuwa kurusha ni nusu tu ya kazi. Mkondo unaukamata mshipi katikati na kumburuza nzi, na nzi anayeburuzwa trauti hamgusi. Inabidi uinue tumbo la mshipi ulilaze upande wa juu wa mto, nzi aelee kama asiye na mwenyewe. Na wawili wa kwanza waliokula niliwapoteza kwa sababu ya Kipini. Kwetu samaki akigusa unavuta kwa bega. Nilivuta hivyo, uzi ukakatika kama utando wa buibui.

Wa tatu alikula asubuhi moja ya Februari, nyuma ya jiwe, mahali pa maji ya magoti. Niliinua fimbo kidogo tu, kama mtu anayeinua kikombe. Akaruka, ubavu una mstari wa waridi, madoa meusi mgongoni. Nililowesha mikono kwanza, nikamtoa ndoana, nikamshika dhidi ya mkondo mpaka akajiondokea.

Jioni nikampigia ami yangu Kipini.

"Miezi minne," akasema. "Samaki wa kiganja. Na ukamrudisha?"

"Nilimrudisha, Ami."

"Chubwi la uzito gani?"

"Hakuna chubwi."

Akanyamaza, nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza mto huo unakwendea wapi. Nikamwambia Sagana ndiyo inayokuja kuwa Tana.

"Alaa," akasema. "Basi akiteremka huku, mimi sirudishi."