Kabla ya kuchagua woleti ya hadiwea, fikiria utayaweka wapi maneno yake ya siri

Mara kwa mara huulizwa, hasa na watu wanaolipwa kwa USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, au wanaoweka akiba kidogo kidogo kwa Bitcoin, ni woleti gani ya hadiwea, yaani kifaa kidogo cha kulindia sarafu hizo, inayofaa kununuliwa. Kwa maoni yangu swali hilo huja mapema mno, kwa sababu vifaa vya watengenezaji wanaoaminika hutofautiana kidogo tu, ilhali tofauti kati ya mtu anayejua kutunza maneno yake ya siri, yale yanayoweza kuurejesha ufunguo wa sarafu zake kwenye kifaa chochote, na asiyejua ni kubwa mno.

Sarafu zenyewe hazikai ndani ya kifaa. Zimeandikwa katika daftari la umma ambalo nakala zake zimesambaa kwenye kompyuta nyingi duniani, na kinachomwezesha mtu kuzihamisha ni ufunguo wa siri, yaani namba ndefu isiyoweza kubahatishwa. Kazi ya kifaa ni kuutunza ufunguo huo mahali ambapo simu na kompyuta haziwezi kuufikia, na kuidhinisha muamala humo humo ndani, ili kinachotoka nje kiwe saini ya kidijitali peke yake. Trezor, woleti ya hadiwea iliyotengenezwa Prague, ilianza kuuzwa mwaka 2014, mwaka ule ule ambao soko la mtandaoni la sarafu za kidijitali la Mt. Gox la Tokyo lilianguka pamoja na sarafu za wateja wake. Novemba 2022 ikawa zamu ya FTX, soko jingine la aina hiyo, na walioacha akiba zao humo wakajikuta wamepanga foleni ya wadai mahakamani. Ndiyo maana naamini kwamba fedha ambayo mtu hana mpango wa kuitumia karibuni haipaswi kulala sokoni.

Kifaa kinunuliwe kwa mtengenezaji mwenyewe au kwa wakala aliyetajwa kwenye tovuti yake, na kisiwe kilichotumika, hata kama muuzaji ni mtu unayemfahamu. Ukifungua boksi ukakuta kadi yenye maneno yaliyokwisha kuandikwa, au kifaa chenye namba ya siri ya kukifungulia (PIN) iliyokwisha kuwekwa, usikitumie: aliyeyaandika maneno hayo anasubiri tu uweke fedha. Wakati wa kuagiza, tumia sanduku la posta badala ya kueleza nyumba yako ilipo. Mwaka 2020 taarifa za wateja wa kampuni ya Ledger ya Ufaransa zilivuja, zikiwemo anwani za makazi za watu wapatao 270,000, na mwaka uliofuata baadhi yao walitumiwa kwa posta vifaa bandia vilivyofungashwa kama halisi.

Kifaa kipya kikiwashwa, hukutaka uchague namba ya siri, kisha hukuonyesha maneno, kwa kawaida 12 au 24, yanayotokana na orodha ya maneno 2,048 ya Kiingereza. Yaandike kwa mkono, kwa mpangilio wake, herufi kwa herufi, bila kutafsiri wala kusahihisha chochote. Usiyapige picha, usiyaandike kwenye simu, usijitumie kwa WhatsApp wala barua pepe, na usiyasome kwa sauti mbele ya mtu. Picha moja tu ya karatasi hiyo, ikipanda yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, inaondoa maana yote ya kununua kifaa, kwani mwenye maneno hahitaji kifaa chako wala namba yako ya siri.

Karatasi nayo ina maadui wake: unyevu, moto, mchwa, na mtu anayefanya usafi kwa nia njema. Kwa kiasi kikubwa cha fedha napendelea bamba la chuma cha pua lililogongwa herufi. Kazi yenyewe si ndefu, kwa sababu katika orodha hiyo herufi nne za mwanzo zinatosha kulitambulisha kila neno. Ugonge mwenyewe; usimpelekee fundi akuchongee. Nakala ya pili iwekwe katika jengo jingine, mahali ambapo ukiulizwa leo unaweza kusema nani ana ufunguo wa mlango.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote, na ndiyo ambayo watu wengi huiruka. Tuma kwanza kiasi kidogo sana, kiasi ambacho kikipotea hutasikitika. Nakili anwani iliyokipokea, yaani msimbo wa kupokelea sarafu, mfano wa namba ya akaunti. Kisha kifute kifaa kwa makusudi, kwa kutumia menyu yake au, kwa vifaa vya Ledger, kwa kukosea namba ya siri mara tatu, na ukirejeshe kwa kutumia maneno uliyoyaandika tu. Anwani ile ile ikijitokeza na fedha ile ile ikaonekana, unajua kwa hakika kwamba nakala yako ni sahihi. Isipojitokeza, umegundua kosa la mwandiko wakati gharama yake bado ni ndogo. Akiba yenyewe isihamishwe kabla ya zoezi hili, hata kama bei inapanda na moyo una haraka.

Katika matumizi ya kila siku, skrini ya kuaminiwa ni ile ndogo ya kifaa. Kuna programu hasidi zinazobadilisha anwani uliyoinakili, hivyo kile unachokiona kwenye kompyuta kinaweza kuwa cha mwizi. Linganisha anwani yote, si herufi za mwanzo na za mwisho pekee, kwa kuwa matapeli hutengeneza anwani zinazofanana sehemu hizo. Wizi wa soko la sarafu la Bybit wa Februari 2025, wa takriban dola bilioni 1.5, ulitumia udhaifu huo huo wa kuamini skrini ya kompyuta: walioidhinisha muamala walionyeshwa kwenye kompyuta ukurasa uliobadilishwa, wakatia saini jambo jingine kabisa. Kifaa kikikuonyesha msururu wa herufi usioeleweka badala ya kiasi na anwani, kataa.

Masasisho yapakuliwe kutoka programu rasmi pekee. Hakuna mhudumu, wa kampuni yoyote, mwenye sababu ya kukuomba maneno yako. Anayeyaomba ni tapeli.

Limebaki suala la familia. Mtu akifariki bila kumweleza yeyote, hakuna benki wala mahakama itakayozirudisha sarafu hizo. Andika barua ya kawaida, isiyo na maneno ya siri ndani yake, inayoeleza kwamba akiba ipo, ni ya aina gani, bamba limewekwa wapi na ni nani wa kuombwa msaada wa kiufundi, kisha mkabidhi mwenza wako au uiambatanishe na wosia, na uibadilishe kila unapohamisha bamba.