Nilivyoitia boriti adabu

Boriti ilipita na kofia yangu. Nilikuwa nimeinama kuokota kikombe kilichoanguka miguuni, na kisingeanguka, habari hii angeiandika mtu mwingine.

Chombo chetu kina mita nane na ushee: mlingoti mmoja, tanga kuu, tanga la mbele, na ule mti mlalo unaoshika tanga kuu kwa chini. Kila baharia ana jina lake kwa mti huo. Mimi nauita boriti, na siku ile niliuita majina mengine pia. Tulikuwa tunakwenda na upepo wa nyuma kabisa, ule ambao wageni huusifu kwa sababu chombo hakilali. Wimbi likaisukuma tezi, yaani nyuma ya chombo, pembeni, upepo ukalipata tanga kwa mgongo, na boriti ikavuka toka upande mmoja hadi wa pili kwa kishindo. Mke wangu alikuwa amelala ndani. Alitoka mbio akidhani tumepanda mwamba.

Kukisi tanga kwa hiari, yaani kulihamishia upande wa pili upepo ukiwa nyuma, ni kazi ya kila siku. Unavuta demani, kamba ya kuongozea tanga, mpaka boriti ije katikati, unageuza usukani taratibu, tanga linahama, unaachia. Tanga kujikisi lenyewe ni balaa, na ubaya wake ni kwamba linakuja wakati umetulia. Upepo ukiwa noti 15 (noti ni maili ya baharini kwa saa) nawe unakimbia noti 5 mbele yake, mwilini unahisi noti 10 tu. Unavua koti, unajiona bingwa.

Nikamweleza shemeji, ambaye kila kitu anakijua. "Jambo dogo hilo, shemeji," akasema. "Funga kamba katikati ya boriti, ishushe moja kwa moja ukingoni, kaza. Haitoki."

Kweli haikutoka. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Nilifunga kama alivyosema, tena kwenye nguzo ya uzio wa ukingoni kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu, na fundo nikalikaza kwa magoti. Saa nzima ya kwanza nilimsifu shemeji kwa sauti. Kisha bahari ikaanza kupanda. Chombo kikayumba, ncha ya boriti ikachovya majini, maji yakaivuta nyuma huku kamba yangu ikiishika tumboni. Niliiona ikipinda, na sitaki kuiona tena. Ilipoinuka, upepo ukahama kidogo tu na kuingia nyuma ya tanga. Sasa tanga lilitaka kuvuka na kamba ikakataa. Chombo kikalala ubavu, kikapoteza mwendo, na chombo kisicho na mwendo hakisikii usukani. Nikasogea kufungua fundo: limekaza kama jiwe, na liko nje ya ukingo juu ya maji. Nikatambaa kwa tumbo na kisu cha jikoni, mke wangu kanishika mguu mmoja, ananiuliza kama shemeji naye huwa anafanya hivi. Nikakata. Boriti ikaruka kwa kishindo kilekile nilichokuwa nakikimbia, safari hii kwa kisu changu mwenyewe. Nguzo ilipinda, na mpaka leo sijainyoosha.

Kosa halikuwa kamba, ila mahali ilipofungwa. Ukiishika boriti tumboni, ncha yake inakuwa nyenzo ya kuivunja. Ukiishusha kamba wima, sehemu kubwa ya nguvu yake inaivuta boriti chini tu, na kidogo sana ndiyo inayoizuia isirudi. Tena upepo ukipanda toka noti 10 hadi 20, nguvu yake kwenye tanga inakuwa mara nne, si mara mbili. Nguzo ya uzio haikuumbwa kwa hesabu hiyo.

Sasa kamba yangu inaanzia kwenye ncha ya boriti, inapita nje ya nyaya za mlingoti, inakwenda hadi omo, yaani mbele kabisa ya chombo, inazunguka kwenye kapi, kisha inarudi mpaka kwenye winchi, kifaa cha kukazia kamba, iliyo karibu na usukani. Kurudi huko ndiko muhimu kuliko yote: mambo yakiharibika, nailegeza nikiwa nimekaa. Nimetumia nailoni kwa sababu hutanuka kidogo, haipigi kwa mshtuko. Kamba na makapi mawili havikunifilisi. Boriti mpya ingenifilisi.

Halafu ule ujanja ninaojivunia, samahani. Boriti ikishafunguka nje, ncha yake iko juu ya maji, nani ataifikia? Basi kwenye ncha nimefunga moja kwa moja vipande viwili vya kamba, kimoja kila upande, vinavyolala juu ya boriti hadi karibu na mlingoti, vimebanwa na mpira. Kamba ndefu za omoni nazo mwisho wake unangoja pale mlingotini, kulia na kushoto. Nikitaka, naunganisha kamba mbili nikiwa nimesimama penye usalama, naachia demani, naivuta ile ya mbele mpaka boriti itulie katikati ya mvutano wa pande mbili. Kukisi ni kufungua ya huku na kuunga ya kule.

Hata hivyo sikimbii tena na upepo wa nyuma kabisa. Naweka omo nyuzi 150 hivi kutoka unakotoka upepo, nakisi mara kwa mara. Njia inarefuka, lakini kidogo kuliko unavyodhani. Macho yangu yako kwenye tanga la mbele: likilegea na kutaka kuhamia upande wa pili, nimeshaupa upepo mgongo mno, narudisha usukani kuelekea joshi, upande unakotoka upepo, mara moja. Na kama ni mashine inayoshika usukani, kumbuka nyingi hufuata dira, na upepo ukihama hazina habari. Upepo ukizidi kabisa nateremsha tanga kuu, nakwenda na la mbele peke yake. Halina boriti. Watu wananicheka, nami napanda kitandani na kichwa changu.

Juzi shemeji alikuja chomboni. Akaifuata ile kamba kwa kidole toka ncha ya boriti hadi omo, toka omo hadi winchi, akatikisa kichwa akiridhika.

"Unaona sasa? Si nilikwambia ufunge kamba?"