Siku yangu moja: kutafuta protini ya chanjo ya vidonda vya tumbo

Saa 11:30 alfajiri. Naamka na kitu cha kwanza ni kuangalia kama kazi niliyoiacha kwenye seva usiku imeisha. Imeisha aisee! Kwa wasionijua, niko Dar, nachambua jenomu (seti nzima ya jeni) za Helicobacter pylori, yule bakteria anayekaa tumboni na kuleta vidonda na hata saratani, na ninachotafuta ni protini zake zipi kinga ya mwili ioneshwe mapema kwa chanjo.

Saa 2 asubuhi. Chai, laptopu, majibu. Jenomu yake ya kwanza ilisomwa 1997 na ina jeni kama 1,590, sasa hapo ndo unaanza kuchuja. Protini lazima kinga iweze kuifikia, isifanane na za binadamu maana mwili unaweza kujishambulia wenyewe, halafu isibadilike badilike kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine. Hapo kwenye kubadilika wengi wanaanguka. BabA kwa mfano, ni protini ambayo bakteria anaitumia kushikilia ukuta wa tumbo, ukiisoma unasema ndo hii hii, kumbe anaweza kuizima au kubadilishana vipande na jeni ndugu yake babB, kesho yake shabaha yako haipo. Katalasi, kimeng'enya cha kuvunja peroksidi ya hidrojeni, nayo imenisumbua, imehifadhika vizuri lakini hata sisi tuna katalasi yetu, kwa hiyo lazima uchague vipande kwa makini.

Saa 4. Kikao, na ubishi wa CagA, protini ambayo si bakteria wote hawa wanayo.

"Dokta, hii ndo inahusishwa sana na saratani, tunaiachaje?" kauliza mwenzangu.

"Na wale bakteria wasiokuwa nayo utawafanyaje?"

Niko na Dokta. Ujerumani waliwachoma watu wa kujitolea chanjo yenye protini tatu za bakteria huyu, CagA, VacA na NAP, wakawanywesha bakteria, na majibu yaliyotoka 2018 yanaonesha kingamwili zilipanda lakini hawakukingwa kuliko waliopewa chanjo bandia. Protini inayoumiza sana siyo lazima ndo ikupe kinga, na mimi hili naliamini kabisa.

Saa 7 mchana. Wali maharage kwa mama ntilie. Kaniuliza, "Mwanangu, hivi vidonda si vinaletwa na mawazo na pilipili?" Nikamwambia mama, hata madaktari waliamini hivyo miaka mingi, mpaka Barry Marshall wa Australia akanywa mwenyewe bakteria hao 1984 na tumbo likavimba ndani, baadaye yeye na Robin Warren wakapata Nobel 2005. Nikamsihi kama tumbo linamsumbua aende kupima, asiishie kwenye dawa za kutuliza asidi tu.

Saa 9. Hapa ndo moyo wangu ulipo, ureasi. Bila hiyo bakteria hawezi kuishi kwenye asidi ya tumbo, anaitumia kuvunja urea ipatikane amonia inayopunguza makali ya asidi, kwa hiyo hawezi kuitupa kirahisi, na binadamu hatuna ureasi kabisa. China walitengeneza chanjo ya kunywa yenye kipande chake cha UreB, wakaijaribu kwa watoto wa miaka 6 hadi 15, matokeo ya 2015 yakaonesha kinga ya asilimia 71.8 mwaka wa kwanza, ikashuka baadaye. Kwangu hiyo ni sababu ya kuendelea, siyo ya kukata tamaa.

Saa 11 jioni. Natafuta vipande vya UreB ambavyo seli za kinga zitavitambua, na hapa huwa nakuwa mkali kidogo, kwa sababu programu nyingi za kutabiri vipande hivyo zimefundishwa zaidi kwa data za Wazungu na aina za HLA (protini zinazoonesha vipande vya bakteria kwa seli za kinga) za watu wetu hazimo za kutosha, na bakteria wa Afrika wana koo zao tofauti na wa Asia. Ukichagua bila kuangalia hilo unatengeneza chanjo ya watu wengine halafu unaileta huku na kutegemea ifanye kazi.

Saa 1 usiku. Orodha nimeituma kwa watu wa maabara: UreB juu, HpaA (protini nyingine ya bakteria huyu) inafuata, vipande vichache vya VacA, CagA nimeiweka chini kabisa na maelezo yake. Na seva nimeiachia kazi nyingine, kulinganisha UreB ya bakteria wa Afrika Mashariki na ile waliyotumia China, herufi kwa herufi.